Sauti Iko Juu, Maneno Hayasikiki: Kisa cha Spika ya Katikati

Shangazi yangu hutazama filamu rimoti ikiwa mkononi tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wakianza kuongea, anapandisha sauti. Gari likilipuka au muziki ukiingia, anashusha haraka, na mazungumzo yakirudi anapandisha tena. Saa mbili zinapita hivyo, kisha filamu ikiisha anamuuliza mumewe nani alimuua nani. Siku nilipokwenda kuwajulia hali aliniambia: "Mwanangu, sauti inanipiga masikioni lakini maneno siyapati. Hawa watu wanaongea au wanameza?"

Mtambo wao si mbaya. Ni wa chaneli 5.1: spika mbili ndefu za kusimama kushoto na kulia, moja ya kulala ndani ya kabati la TV, mbili ndogo ukutani nyuma ya sofa, na sabufa, spika ya besi, kwenye kona. Zote zinaendeshwa na risiva moja, kifaa kinachopokea sauti na kuigawa kwa spika. Wameutumia miaka kadhaa, na muda wote huo dawa yao imekuwa moja tu, kuongeza sauti. Nilishinda nao Jumamosi moja, nikarudi wiki iliyofuata, na hatukununua kifaa hata kimoja. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nyumba nyingi zina shida hii hii, na wengi wanaishia kununua spika mpya bila kujua maneno yalikuwa yanapotelea wapi.

Kabla ya kugusa kitufe

Nilianza kwa maswali. Taarifa ya habari mnaisikia? Wanaisikia. Ni filamu zote au baadhi? Karibu zote, ila za zamani zina nafuu. Watu wawili wakiongea chumbani kumetulia, unawapata? "Hapo napata pata. Muziki ukipita chini yao, basi tena." Na ukikaa mahali pa Mzee? Alisita, maana hajawahi kukaa pale. Mzee, yaani mumewe, hukaa katikati ya sofa. Shangazi hukaa mwisho wa kushoto, karibu na taa.

Majibu hayo yalinipunguzia kazi nyingi. Habari inasikika kwa sababu msomaji yuko peke yake, maikrofoni iko karibu na kinywa, na chini ya sauti yake hakuna kitu. Kwa hiyo spika hazijafa na masikio hayajaziba. Filamu zinashindwa pale muziki na mngurumo vinapoingia, kwa hiyo kuna kitu kinachoyafunika maneno. Swali la kiti halikujibiwa, nikaliweka akiba. Ndilo lililokuja kubeba nusu ya kisa.

Pia nilizingatia namna alivyolieleza tatizo lake. Hakusema sauti ni ndogo. Alisema sauti ni kubwa na maneno hayapo. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na kitufe cha sauti kinatibu la kwanza peke yake.

Mazungumzo yalikuwa hayafiki kwenye spika yake

Katika filamu iliyochanganywa kwa chaneli 5.1, karibu mazungumzo yote huwekwa kwenye chaneli ya katikati. Kushoto na kulia hubeba muziki na milio mingi, nyuma hubeba mazingira, na ile ".1" ni besi ya vishindo. Mpango huo una faida kubwa: maneno yana spika yao wenyewe, hayagombani na ngoma. Jambo la kwanza la kuthibitisha, basi, ni kama kweli yanafika huko.

Niliweka filamu, nikapiga magoti mbele ya kabati, nikategesha sikio kwenye wavu wa spika ya katikati. Kisha nikaenda spika ya kushoto. Kisha ya nyuma. Zote zilikuwa zinasema kitu kimoja: mtu anaongea, fidla zinalia, mvua inanyesha, vyote pamoja, kila mahali.

Chanzo kilikuwa sehemu mbili. TV iliunganishwa na risiva kwa kebo ya optiko, ile nyembamba inayopitisha mwanga, na kwenye mipangilio ya TV sauti ya kutoka ilikuwa imewekwa PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa. Kebo hiyo ikibeba PCM hupitisha chaneli mbili tu. Filamu ya chaneli sita ilikuwa inasagwa kuwa mbili kabla hata haijatoka kwenye TV. Halafu risiva nayo ilikuwa kwenye hali ya kupeleka stirio, sauti ya chaneli mbili, kwenye spika zote, hali inayofaa sherehe ambapo watu wametawanyika sebuleni. Kwa filamu, inayavuruga maneno kwa namna ya pekee: spika za nyuma ziko mita 1 tu kutoka kichwa cha Shangazi, za mbele ziko mita 3. Sauti hukata mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo neno lile lile lilikuwa linamfikia kutokea nyuma milisekunde 6 hivi kabla ya kumfikia kutokea mbele. Sikio hulipa uzito lile linalotangulia. Mdomo uko mbele, neno linatokea kisogoni, na nakala ya pili inafuata juu yake.

Tulibadilisha mpangilio wa TV kutoka PCM kwenda Auto, tukaiondoa risiva kwenye hali ya sherehe, na ndani ya programu ya filamu tukachagua mkondo wa sauti wa 5.1, maana nao ulikuwa kwenye stirio. Maneno Dolby Digital, jina la mfumo unaobeba chaneli zote sita, yakatokea kwenye kioo cha risiva. Nikarudi kupiga magoti: katikati watu wanaongea, pembeni fidla, nyuma mvua. Nikapima umbali wa kila spika kwa futi kamba na kuuingiza upya, kwa sababu za nyuma zilikuwa zimeandikwa mita 3, sawa na za mbele.

(Kinyume chake nacho hutokea, na ni kibaya zaidi. Kifaa kikitoa chaneli sita wakati chumbani kuna spika mbili tu, na pasiwe na kinachozichanganya, chaneli ya katikati hupotea. Mtu anasikia nyayo, upepo na muziki, na midomo inacheza kimyakimya. Ukikutana na hali hiyo, tafuta mpangilio wa stirio haraka.)

Kosa langu, na somo la paka na taka

Baada ya hapo nilifanya ambalo wengi hufanya. Niliingia kwenye viwango vya spika nikaipandisha ya katikati desibeli 6. Shangazi akasikiliza dakika tano. "Sasa wanapiga kelele zaidi," akasema, "lakini bado wanameza."

Alikuwa sahihi. Irabu ndizo zenye nguvu katika usemi, na konsonanti ndizo zenye maana. Chukua paka, taka, kaka, saka, shaka, chaka. Ziondolee konsonanti, zote zinabaki "a-a". Kiswahili kinaanika jambo hili wazi kwa sababu silabi zetu nyingi huishia na irabu: hata konsonanti zikipotea, mdundo wa sentensi unabaki kamili, na msikilizaji anaapa kwamba amesikia sauti yote. Amesikia mtu akiongea, hajasikia alichosema.

Irabu zimelala chini na katikati ya masafa. Mlipuko mdogo unaotofautisha p, t na k, na mvumo wa s, f na sh, viko juu zaidi, kuanzia 2,000 Hz (mitetemo kwa sekunde) na kuendelea, na vina nguvu ndogo sana. Simu za zamani zilipitisha 300 hadi 3,400 Hz tu, ndiyo maana mtu akitaja jina simuni hulazimika kusema "F ya Fatuma, S ya Sara". Nilipopandisha chaneli nzima nilipandisha irabu pamoja na konsonanti, na kilichokuwa kinazila konsonanti kikabaki pale pale.

Nikairudisha kwenye sifuri. Nilihitaji kipimo ambacho hakitegemei hisia za mtu wala uzuri wa filamu.

Nilikwenda chumba cha kulala chenye mapazia mazito, nikajirekodi kwa simu nikisoma maneno 20 ya silabi mbili, neno moja kila baada ya sekunde nne: pata, kata, tata, pika, fika, shika, dudu, bubu, na ile familia ya paka. Nilifanya rekodi tatu zenye mpangilio tofauti ili kumbukumbu isisaidie. Chini ya kila rekodi niliweka muziki wa taratibu, kama filamu inavyofanya. Tukazicheza kupitia risiva, tukazihakiki kwa sikio kwamba sauti yangu inatokea spika ya katikati, kitufe cha sauti kikabaki kwenye -25 muda wote. Shangazi na Mzee wakapewa karatasi na kalamu. Kila mmoja aandike alichosikia, bila kuulizana.

Kwenye viti vyao vya kawaida Mzee alipata 16. Shangazi alipata 10. Nikawaomba wabadilishane. Mzee, kwenye kiti cha Shangazi, akashuka hadi 12. Shangazi, kwenye kiti cha Mzee, akapanda hadi 14. Mzee aliitazama karatasi yake kwa muda, halafu akamtazama mkewe. Miaka yote hiyo alikuwa anaamini kwamba mwenye shida ni Shangazi. Kumbe sehemu kubwa ya shida ilikuwa kile kiti.

Kioo kwenye uso wa spika

Spika ya katikati ilikuwa ndani kabisa ya rafu, uso wake sentimita 20 nyuma ya ukingo, pande zote mbao. Sauti ikitoka kwanza inakutana na rafu yenyewe: mbao ya chini inairudisha, ya juu inairudisha, na uwazi ulioizunguka unavuma kama mtungi. Masafa ya 100 hadi 300 Hz hunenepa, na sauti ya mwanamume huwa kama anaongea akiwa ndani ya pipa.

Tena ilikuwa inatazama magoti. Twita yake, ile koni ndogo ya masafa ya juu, iko sentimita 45 kutoka sakafuni, sikio la mtu aliyekaa liko karibu mita 1. Masafa ya juu, yale yenye konsonanti, hayasambai kama besi. Husafiri kama mwanga wa tochi, na tochi hii ilikuwa inamulika zulia. Niliwaonyesha kwa kioo kidogo cha kujitazamia, nikakibandika bapa kwenye uso wa spika. "Shangazi, unaona nini humo?" Akainama kidogo. "Naona zulia, na vidole vyangu vya miguu."

Tuliisogeza mbele hadi uso ukapita ukingo wa rafu kwa sentimita 1. Tukaweka vipande viwili vya mpira chini ya ukingo wa mbele, tukainua digrii 10 hivi, hadi Shangazi aliyeketi mahali pa Mzee akasema, "Sasa naona uso wangu." Uwazi wa pembeni na nyuma tulijaza mablanketi mawili yaliyokunjwa. Spika hii haina tundu la hewa nyuma, ingekuwa nalo nisingeliziba. Risiva iko rafu nyingine, nayo haikufunikwa na chochote, kwa sababu inahitaji kupumua.

Rekodi ya pili. Mzee 18 kutoka 16. Shangazi, kwenye kiti chake, 12 kutoka 10. Wote wamepanda kwa kiasi kile kile, na tofauti ya viti haijatikisika.

Sentimita 10 za Shangazi

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, na naomba msomaji avumilie hesabu kidogo.

Spika nyingi za katikati zimejengwa kwa namna moja: wufa mbili, koni kubwa za sauti nzito na ya kati, zimelala ubavu kwa ubavu, twita katikati yao. Umbo hilo linakaa vizuri chini ya TV. Kwa anayekaa katikati ya sofa hakuna tatizo, wufa zote mbili ziko umbali sawa naye na sauti zake zinafika pamoja. Kwa anayekaa pembeni, wufa moja iko karibu kuliko nyingine.

Nilipima. Kati ya kitovu cha wufa moja na nyingine kuna sentimita 30. Shangazi anakaa mita 1.1 kando ya mstari wa katikati, mita 3 kutoka kwenye TV, yaani pembe ya digrii 20. Kwa pembe hiyo, sauti ya wufa ya mbali husafiri sentimita 10 zaidi kumfikia. Sasa fikiria wimbi lenye urefu wa sentimita 20. Wufa moja inamfikia ikiwa juu, nyingine ikiwa chini, na zinafutana. Wimbi la urefu huo ni karibu 1,700 Hz, katikati kabisa ya usemi. Katika spika hii twita haijapokea zamu bado kwenye masafa hayo, wufa ndizo zinazofanya kazi. Kwa hiyo kila neno lililotoka pale lilikuwa na shimo kabla halijafika kwenye sofa upande wa kushoto.

Karatasi zake zilithibitisha. Kwenye kiti chake alikuwa anaandika "paka" kwa "taka", "pata" kwa "kata", "bubu" kwa "dudu". Namna sikio linavyotofautisha pumzi imezibwa wapi, midomoni, nyuma ya meno au kaakaani, inategemea sana eneo hilo la masafa na lililo juu yake.

Suluhisho la vitabuni ni kuisimamisha spika wima ili wufa ziwe juu na chini, halafu wanaokaa kushoto na kulia wote wawe umbali sawa nazo. Rafu haikuruhusu. Kumhamisha Shangazi kutoka kwenye kiti chake sikutaka hata kulitaja. Basi nilifikiri hivi: Mzee yuko digrii sifuri, Shangazi digrii 20. Nikiizungusha spika digrii 10 kumwelekea Shangazi, kila mmoja atakuwa digrii 10 kutoka kwenye mhimili wake. Kwa pembe hiyo tofauti ya safari inakuwa sentimita 5 tu, na shimo linapanda hadi karibu 3,300 Hz, ambako wufa zimeshamkabidhi twita kazi. Twita ni moja, haina mwenzake wa kugombana naye.

Niliizungusha, ncha moja ikatokeza sentimita 8 kuliko nyingine. Haipendezi kuitazama. Rekodi ya tatu: Mzee 17, Shangazi 17.

Nilipomsomea namba hizo Shangazi alinyamaza. Halafu akasema, "Kwa hiyo sikuwa nasingizia." Hilo bado linaniuma kidogo. Mtu anaweza kuambiwa kwa miaka kwamba hasikii vizuri, akakubali, kumbe amewekewa shimo la 1,700 Hz pale anapokaa.

Besi iliyokuwa inafunika kila kitu

Maneno yakiwa wazi, tukarudi kwenye kinachoyafunika. Risiva ina kelele ya majaribio inayopita spika moja moja. Nilitumia programu ya kupima sauti kwenye simu. Maikrofoni ya simu si ya kuaminiwa kwa namba kamili, hasa kwenye besi, lakini kwa kulinganisha spika na spika inatosha kuonyesha makosa makubwa. Sabufa ilikuwa juu ya wenzake kwa desibeli 7 hivi. Kona iliipandisha yenyewe, na mtu fulani alikuwa ameongeza kwa kitufe cha nyuma.

Sikio lina tabia moja ambayo kila mwenye sabufa anapaswa kuijua: sauti nzito hufunika nyembamba kwa urahisi zaidi kuliko nyembamba inavyofunika nzito. Mngurumo ukiwa mkubwa unapanda na kumeza masafa yaliyo juu yake. Kwa hiyo sabufa iliyozidi inapoteza maneno, ingawa mtu angeapa kwamba besi na maneno havikutani.

Tuliishusha hadi ikalingana na wenzake. Spika ya katikati nayo ilikuwa imeandikwa kwenye risiva kama "kubwa", yaani inapewa besi yote, wakati wufa zake ni za sentimita 13. Koni ndogo inayosukumwa kwa nguvu na besi inachafua pia sauti ya kati inayobeba wakati huo huo. Tukaiandika "ndogo", krosova, mpaka wa kugawana masafa, tukaiweka 100 Hz, chini ya hapo kazi ni ya sabufa. Risiva ilikuwa pia na kipengele cha kuongeza besi na spika za nyuma chenyewe sauti inapokuwa chini. Sababu yake ni ya kweli, inatokana na kazi ya Fletcher na Munson ya mwaka 1933 iliyoonyesha kwamba sauti ikipungua sikio hupoteza besi kwanza. Lakini katika sebule hii, mita 1 kutoka kwenye spika za nyuma, kilikuwa kinampigia Shangazi mvua masikioni. Tukakizima.

Kuna pia kitufe cha kuyapa mazungumzo nguvu. Nilikijaribu, s zikawa zinachoma. Nikakiacha.

Rimoti

Kilichobaki ni kile kilichomfanya ashike rimoti tangu mwanzo: tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko.

Filamu huchanganywa kwa ajili ya ukumbi wa sinema. Ukumbi hupangwa ili kelele ya majaribio ya kila spika ya mbele isomeke desibeli 85 kwenye kiti, na juu yake inabaki nafasi ya desibeli 20, kwa hiyo kilele cha chaneli moja hufika 105. Chaneli ya besi inaruhusiwa 115. Nyumbani hakuna anayesikiliza hivyo. Hata sauti inayoandaliwa kwa ajili ya nyumbani ina nafasi pana: Netflix huwataka watayarishaji wakabidhi mchanganyiko ambao wastani wa mazungumzo ni -27 LKFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kinachohesabiwa kwa desibeli), kupanda au kushuka kwa 2, na vilele visivuke -2. Yaani juu ya mtu anayeongea kawaida kuna nafasi ya desibeli 25. Kila desibeli 10 sikio huhesabu kama mara mbili, kwa hiyo mlipuko unaweza kusikika zaidi ya mara tano ya maneno. Vipindi vya TV vya Ulaya chini ya kanuni ya EBU R 128, ya umoja wa watangazaji wa huko, hupimwa kwa wastani wa kipindi kizima, -23 LUFS, kipimo kile kile kwa jina lingine. Ndiyo maana mtu akitoka kwenye habari kwenda kwenye filamu bila kugusa kitu, watu wa kwenye filamu wanaonekana wamenyong'onyea.

Risiva nyingi, na TV nyingi pia, zina hali ya usiku inayobana tofauti hiyo: inainua ya chini na kuzuia ya juu. Tuliiweka kiwango cha kati. Mzee hakufurahi. Anapenda kishindo kimfikie kifuani, na hoja yake ni halali, mtengenezaji wa filamu alikusudia kishindo. Walikubaliana wenyewe: wakitazama wote wawili hali ya usiku inawashwa, akiwa peke yake anaizima. Sikuingilia.

Mwisho kabisa nilirudi kwenye kile kitufe nilichoanza nacho. Spika ya katikati niliipandisha desibeli 2. Safari hii ilisaidia, kwa sababu kilichopandishwa kilikuwa maneno yaliyo kamili.

Meza ya kioo iliyo kati ya sofa na TV nayo ilikuwa inarudisha sauti. Tuliijaribu kwa kutandika blanketi juu yake, tofauti ikasikika, ndogo. Sasa ina kitambaa kizito.

Maneno matatu yaliyobaki

Shangazi alipata 17. Yale matatu aliyokosa yalikuwa ya s na f: saka, fika, na moja lenye sh. Nikacheza rekodi nyingine, akakosa ya aina hiyo hiyo, hata kwenye kiti cha Mzee. Kosa linalofuata kiti ni la chumba. Kosa linalomfuata mtu popote anapokaa huenda ni la sikio, na usikivu unaopungua kwa umri kwa kawaida huanzia kwenye masafa ya juu, kule kwenye s na f.

Nilisubiri Mzee atoke nje. "Shangazi, kabati tumelimaliza. Naomba tupime na masikio, si kwa sababu husikii, ila haya matatu yananitatiza." Akacheka, akasema nimezunguka mno. Alikwenda. Kipimo kilionyesha upungufu mdogo kwenye masafa ya juu, masikio yote mawili. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 wanaishi na kiwango fulani cha upungufu wa usikivu, kwa hiyo hana upweke wowote katika hilo. Kwa sasa hahitaji kifaa, ila atapimwa tena. Kwenye filamu zenye wahusika wanaonong'ona sana anawasha maandishi ya chini, nami namuunga mkono. Zipo filamu ambazo maneno yamerekodiwa hafifu tangu mwanzo, na hakuna kitufe sebuleni cha kurudisha konsonanti ambayo maikrofoni haikuipata.

Kwa ajili ya atakayesafisha kabati, nimebandika vipande viwili vya utepe kwenye rafu kuonyesha spika inapoanzia na inakoelekea, maana ikirudishwa sambamba na ukingo shimo la Shangazi linarudi. Ndani ya mlango wa kabati kuna karatasi yenye mipangilio yote: TV kwenye Auto, katikati ndogo, 100 Hz, +2, sabufa alama ya kitufe chake cha nyuma, umbali wa kila spika, hali ya usiku kati. Risiva ile imewahi kusahau kila kitu umeme ulipokatika. Ikisahau tena, dakika kumi zinatosha kuirudisha, na Mzee ameshajizoeza kufanya hivyo mwenyewe mara mbili nikiwa nimekaa pembeni.